Namba zikiingia kwenye risasi, gemu la dunia wazi linaharibika

Mdunguaji (mtoa mada)

Wakuu, kuna kitu kwenye magemu ya FPS (yale ya kupiga risasi ukitazama kwa macho ya mhusika) ya siku hizi ambacho nimechoka kukivumilia kimyakimya. Unamvizia jamaa. Umejibanza juu ya kilima, bunduki ya kudungua mkononi, unazuia pumzi, unamlenga katikati ya paji la uso, unafyatua. Risasi inampata palepale. Halafu jamaa anageuka kukutafuta, mstari wa uhai juu ya kichwa chake umepungua kidogo tu, kwa sababu yeye ni leveli 24 na wewe ni leveli 15.

Hapo gemu limekwambia kwamba jicho lako, subira yako na mahali ulipochagua kusimama si lolote. Kilichoamua ni tarakimu mbili. Na uchungu wa jambo lenyewe ni kwamba mimi si adui wa RPG, yaani magemu ya kumkuza mhusika. Nataka mhusika wangu akue, nataka ramani kubwa ya kuzurura, watu wa kuongea nao, maamuzi yenye gharama. Hoja yangu ni moja: ukuaji uwekwe kila mahali isipokuwa kwenye uzito wa risasi yenyewe.

Tuanze na chimbuko la ugomvi. FPS inapima mkono na jicho la mchezaji aliyeshika mausi au pedi. RPG inapima mhusika aliye ndani ya gemu: ana nguvu kiasi gani, anajua nini, amejifunza nini. Ukiwaweka pamoja, kila risasi inakuwa na wenyewe wawili. Nani amelenga, mimi au yeye?

Swali hili ni la zamani. Ultima Underworld ya 1992 ilikuwa RPG kamili kwa mtazamo wa macho ya mhusika, ila kwa mapanga na uchawi. Strife ya 1996 ilijengwa juu ya injini ya gemu la Doom, ikaweka mji wa kurudi kila baada ya kazi, watu wa kuzungumza nao, na sifa mbili za kukuza: ulengaji na ustahimilivu. System Shock 2 ya 1999 ilikwenda mbali zaidi, bunduki usiyosomea hushiki, na uliyosomea inachakaa mikononi mwako.

Ila aliyelijibu swali kwa akili ni Deus Ex ya 2000. Mhusika asiyejua bastola anapolenga, alama za kulengea zinaanza zikiwa zimeachana sana, kisha zinakaribiana taratibu akitulia. Akisomea, zinakaribiana haraka. Oneni ujanja uliopo hapo: namba imegeuzwa kuwa muda. Na muda mchezaji anaweza kuupata kwa njia nyingine, kwa kunyata gizani, kwa kusubiri mlinzi ageuke. Ujuzi mdogo wa mhusika unazibwa na akili ya mchezaji. (Najua, ujuzi uliongeza na madhara ya risasi pia. Sisemi ilikuwa malaika.)

Deus Ex lakini haikuwa dunia wazi, yaani ramani moja ya kuzurura utakavyo, zilikuwa ramani kubwa zinazofuatana. Mbunifu alijua ukifika sehemu fulani una nini mfukoni. Dunia wazi inamnyang'anya uhakika huo. Mchezaji anaweza kwenda kaskazini kabla ya kusini, akafika kwenye kambi ya mwisho na bastola ya mwanzo. Ufanyeje?

Njia ya kwanza, na ya kivivu, ni kufunga maeneo kwa namba. Kila wilaya ina leveli yake, ukiingia mapema unakuta maadui wenye alama ya fuvu. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kila leveli inaongeza uhai wa adui kwa asilimia 10, na adui wa leveli yako anakufa kwa risasi 4. Adui aliyekuzidi leveli 10 ana uhai mara 2.6 hivi, kwa hiyo anahitaji risasi 11. Aliyekuzidi leveli 20 ana mara 6.7, risasi 27. Huyo huyo! Sare ileile, kofia ileile, uso uleule.

Na haya si madhara ya hisia tu. Mapigano ya FPS yanasimama juu ya hofu ya risasi. Ukimmiminia adui risasi anajificha, akijificha unamzunguka ubavuni, ukimzunguka anahama. Adui anayefyonza risasi 27 hana sababu ya kujificha. Anakujia wima, na wewe unarudi nyuma huku unajaza magazini. Mbinu zote ambazo watengenezaji walizihangaikia zinakufa.

Njia ya pili ni kufanya maadui wakue pamoja na wewe. Oblivion ya 2006, ambayo si ya bunduki ila ugonjwa ni uleule, ilileta majambazi wa barabarani waliovaa deraya za bei mbaya kwa sababu tu mchezaji amepanda leveli. Ukikua na kila kitu kikikua, hujakua.

Njia ya tatu ndiyo yangu: hatari iwe ya kweli, ikae ilipo, na isiandikwe namba. S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl, iliyotoka 2007 kwa mikono ya GSC Game World wa Ukraine, haina leveli wala pointi za uzoefu. Hakuna mti wa ujuzi, ile orodha ya uwezo unaoufungua kwa pointi. Lakini niambieni kama mtu anayeanza pale na bastola mbovu na koti la ngozi, akaja kumaliza na deraya nzito na bunduki yenye darubini, hajakua! Amekua kwa vitu alivyovaa, na zaidi amekua kichwani. Mwanzoni anatembea kwenye uwanja wa mitego asiyoiona, anarusha boliti mbele yake kupima njia. Baadaye anaisoma hewa kwa macho. Vito anavyookota vinampa nguvu huku vingi vikimtia mionzi, kwa hiyo kila faida ina dawa ya kununuliwa. Mzigo ukizidi kilo 50 anaanza kuchoka haraka, basi kila bunduki anayoibeba ni uamuzi. Na deraya nzito kuliko zote haimruhusu kukimbia mbio. Hiyo ndiyo RPG ninayoitaka: kuchagua kitu kimoja na kulipia kwa kingine.

Nitasimama hapa nisikie wenzangu. Najua wapo watakaoniletea Borderlands.

---

Kibiriti

Naleta Borderlands.

Mkuu, umeandika vizuri lakini umehukumu kesi bila kumsikiliza mshitakiwa. Borderlands ya 2009 haikujificha. Tangu dakika ya kwanza namba zinaruka kutoka mwilini mwa adui kila ukimpiga, rangi za bunduki zinakwambia ipi ni ya kawaida na ipi ni adimu. Bunduki zenyewe zinaundwa na kompyuta kwa kuunganisha vipande: mtutu huu, kitako kile, darubini ya aina hii, moto au asidi juu yake. Raha yake ni kufungua sanduku usijue utakutana na nini. Ukiondoa namba kwenye risasi pale, umeua gemu zima, kwa sababu sanduku halina tena cha kukupa.

Mchezaji wa Borderlands anapiga risasi ili aone bunduki yake mpya inafanya nini, hana haja ya kujithibitishia kwamba analenga vizuri. Ni furaha nyingine. Na dunia yake imechorwa kama katuni, hakuna anayetegemea kichwa kipasuke kwa risasi moja.

---

Mzee wa Pedi

Naweka kambi hapa. Kibiriti umesema neno kwenye hilo la katuni. Tatizo ni wale waliochukua namba za Borderlands wakazivisha dunia inayojifanya ya kweli.

Mfano mzuri ni Far Cry New Dawn ya 2019. Mfululizo wa Far Cry ulikuja kujulikana kwa kuteka kambi za adui: unakaa mbali, unaweka alama kila mlinzi kwa darubini, unazima king'ora, unawamaliza mmoja mmoja kimyakimya. Far Cry 3 ya 2012 ilikuwa na mti wa ujuzi, ndiyo, lakini ulikupa mbinu: kumrukia mtu ukiwa juu yake, kuchukua kisu chake na kumrushia mwenzake. Kichwa kilibaki kichwa. Wakaja kuweka ngazi za namba na mistari ya uhai, na mshale wa kichwani ukawa mwiba tu kwa adui wa ngazi ya juu. Mchezo wa kupanga ukawa mchezo wa kukusanya ethanoli ili upandishe karakana, ili upate bunduki ya ngazi hiyo.

---

Fundi Injini

Mimi ni mtu wa kutengeneza modi, yaani marekebisho ya magemu yanayofanywa na wachezaji, niongeze upande wa chini ya boneti.

Mtoa mada amesema namba zisiingie kwenye risasi, ila risasi ina hatua nyingi na namba inaweza kukaa kwenye yoyote. Kuna madhara, yaani inaumiza kiasi gani. Kuna mtawanyiko: risasi inaondoka kwenye mtutu ikiwa ndani ya umbo la koni la kubahatisha, pana au jembamba. Kuna mtikisiko wa mkono, mrudisho wa bunduki baada ya kufyatua, kasi ya kujaza magazini, kasi ya kubadilisha silaha, kukwama. Mchezaji anazipokea hizi kwa namna tofauti kabisa, ingawa kwa kompyuta zote ni tarakimu.

Mbaya kuliko zote ni mtawanyiko uliofichwa. Fallout 3 ya 2008 ilikuwa hivyo: umelenga kifuani mwa mtu aliye hatua chache, skrini inakuonyesha umempata, risasi inapita pembeni kwa sababu ujuzi wako wa silaha ndogo uko chini. Macho yamedanganywa. Ndiyo maana VATS, mfumo wa kulenga wa gemu hilo, ilikuwa mkombozi pale. Inasimamisha wakati, inakuonyesha asilimia ya kumpata kwenye mkono, mguu au kichwa, unachagua. Bahati ni ileile, ila sasa imewekwa mezani ukaiona kabla ya kulipa.

Mtikisiko ni kitu kingine. Ukiona mtutu unayumba kushoto na kulia, unaweza kuusubiri ufike katikati ndipo uvute. Namba ipo, ujuzi wa mhusika upo, lakini mchezaji ana la kufanya juu yake. Fallout: New Vegas ya 2010 ilisogea upande huo: bunduki ina kiwango cha nguvu inachodai, usipokifikia mkono unayumba. Studio ya Obsidian waliitengeneza kwa muda wa mwaka mmoja na nusu tu, na bado waliielewa hesabu ya risasi kuliko wengi waliopewa miaka mitano.

Chukua deraya za New Vegas. Deraya inapunguza kiasi maalumu kutoka kwa kila risasi moja moja. Tuseme inakata 15. Bunduki ndogo inayotema risasi za madhara 18 inabakiwa na 3 tu kwa hesabu hiyo, ila gemu lina sakafu, madhara hayashuki chini ya asilimia 20 ya risasi, kwa hiyo inapitisha 3.6. Bunduki nzito yenye risasi moja ya 60 inapitisha 45. Hapo jibu lako ni kubadilisha silaha, au kutia risasi za kutoboa deraya, au kukimbia. Huhitaji kurudi kijijini kuua panya mpaka upande leveli. Namba zipo kibao, ila kila moja inakuuliza swali unaloweza kulijibu papo hapo.

---

Mdunguaji (mtoa mada)

Fundi, hiyo ya sakafu na deraya nimeipenda, na nakubali umeirekebisha kauli yangu. Namba mchezaji anayoiona na kuifanyia kitu inaweza kuingia kwenye risasi. Ile ya leveli, ambayo tiba yake ni kwenda kufanya kazi zisizohusika na kurudi kesho, ndiyo naipiga vita.

New Vegas ina kitu kingine. Kijiji cha kuanzia ni Goodsprings, na taa za mji wa New Vegas unaziona kwa mbali usiku. Njia fupi ipo upande wa kaskazini, ila huko kuna nyigu wakubwa wenye sumu, na ukichukua barabara ya machimbo unakutana na Deathclaw, viumbe wakubwa wenye makucha ya kutisha. Hakuna ukuta. Hakuna maandishi ya kukuzuia. Watu wanakuonya kwa maneno, na ukikaidi unakufa. Lakini anayejua kunyata na kubana kwenye miamba anapita, akafika mjini mapema sana, na gemu linamkubali. Jiografia imefanya kazi ambayo kwingine ilifanywa na fuvu jekundu.

---

Asubuhi Njema

Samahani jamani, nina swali kwa mtoa mada. Umeisifu STALKER, mbona bastola ya mwanzo pale inatawanya risasi kama mtu anamwaga mchele? Majambazi wa kwanza nilikuwa nawamiminia magazini nzima. Hiyo si namba ndani ya risasi?

---

Mdunguaji (mtoa mada)

Dada au kaka, umenibana vizuri. Ni namba, ndiyo. Tofauti ni mahali inapokaa: iko kwenye chombo. Bastola ile ni mbovu mikononi mwangu na ni mbovu mikononi mwa jambazi. Nikimwangusha mwenye bunduki bora, naichukua dakika hiyohiyo na ubora wake wote unahamia kwangu, gemu halinidai leveli ya kuishika. Kwenye magemu ya leveli, adui anakupiga kwa bunduki ya kutisha, akifa anadondosha takataka.

Far Cry 2 ya 2008 ilicheza na wazo hili kwa namna nzuri sana ambayo hata watengenezaji wake hawakuirudia. Bunduki za kuokota kwa maadui zina kutu, zinakwama katikati ya mapigano, unamwona mhusika wako akihangaika kuitoa risasi iliyonasa huku anapigwa. Unayoinunua ni mpya, inaaminika, halafu nayo inaanza kuchakaa. Almasi za kununulia, safari ya kwenda kwa muuza silaha, hali ya chuma: huo ni mfumo wa RPG ulio kamili, na hakuna sehemu umeandikwa kwa tarakimu.

---

Mzee wa Pedi

Na STALKER 2 je? Ilitoka Novemba 2024.

---

Fundi Injini

Ilitoka na kilema mahali penyewe. Sifa ya mfululizo ule ni A-Life, mfumo unaowafanya wahusika na wanyama waishi na kuzunguka hata usipokuwepo. Siku za kwanza maadui walikuwa wanazaliwa karibu na mgongo wa mchezaji badala ya kusafiri kutoka mahali, na watengenezaji wenyewe walikiri mfumo una hitilafu, wakaanza kuurekebisha kwa masasisho. Baadhi ya viumbe pia walikuwa wanafyonza risasi kupita kiasi, uhai wao ukapunguzwa. Inaonyesha hata bila leveli unaweza kuingia shimo lilelile.

Wengine waliojirekebisha ni Cyberpunk 2077. Ilipotoka Desemba 2020 kinga ilikuwa kwenye nguo, kwa hiyo suruali fupi yenye namba kubwa ilikukinga kuliko koti la kuzuia risasi lenye namba ndogo. Sasisho la 2.0 la Septemba 2023 likahamishia kinga kwenye viungo vya bandia mwilini, miti ya ujuzi ikaandikwa upya ikatoa mbinu zaidi na asilimia chache. Bunduki zake tangu awali zilikuwa na mgawanyo wa maana: kuna zinazodundisha risasi ukutani, kuna zinazopenya ukuta, kuna zinazomfuata adui zenyewe. Hiyo unaihisi mkononi. Asilimia 3 za nyongeza hakuna anayezihisi.

---

Kibiriti

Mnaongea kana kwamba kila mtu ana mkono mwepesi. Kuna mtu anapenda dunia, stori, kuzurura, ila vidole vyake haviendani na kasi. Kwake leveli ni haki: akijituma, akatafuta, akajenga mhusika vizuri, anashinda. Gemu lenu la risasi moja ya kichwa linamfungia mlango nje.

---

Mdunguaji (mtoa mada)

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, siwezi kuipuuza. Jibu langu ni VATS aliyoitaja Fundi, na ile ya alama za Deus Ex. Mpe mtu huyo muda. Mhusika aliyesomea utulivu apunguze kasi ya dunia kwa sekunde kadhaa. Aliyesomea uchunguzi aone wapi deraya ya adui ina upenyo. Aliyesomea mitego asilazimike kulenga kabisa. Mkono mzito unasaidiwa, na kichwa cha adui kinabaki kichwa kwa wote wawili. Leveli inamsaidia pia, nakubali, ila inamsaidia kwa kumlipisha masaa, na mwisho bado analenga kwa vidole vilevile, kwenye mwili unaofyonza risasi zaidi.

---

Asubuhi Njema

Mmesahau maneno. RPG si bunduki tu. Mimi kwenye New Vegas hujenga mtu wa kuongea, pointi zangu zote zinakwenda kwenye ushawishi na sayansi. Nafurahi kwelikweli mpaka nikutane na pango lililojaa viumbe wasiojua lugha, pointi za bunduki sina. Vampire: The Masquerade – Bloodlines ya 2004 ndiyo ilivuka mpaka: sehemu kubwa unapeta kwa ulimi, halafu mwishoni ni mapigano mfululizo. Mfuko wa pointi ukiwa mmoja, anayechagua mdomo anaadhibiwa kwenye risasi.

---

Mdunguaji (mtoa mada)

Nakazia, na inanirudisha kwenye hoja kwa mlango ambao sikuufikiria. Ulengaji ukiachwa kwa mchezaji, pointi zote zinabaki huru kwa mambo mengine: kuongea, kufungua makufuli, kutibu, kutengeneza silaha, kusoma nyayo, kubeba mizigo, kuaminiwa na kundi fulani. Mtu wako wa ulimi akiingia pangoni atakuwa na bunduki ya kawaida na risasi chache, kwa sababu hakujifunza kuzitengeneza wala hana mnyororo wa wauzaji wanaompa za kutoboa. Lakini akilenga vizuri, kiumbe anakufa. Au kama ulimi wake umemnunulia marafiki, anaingia nao watatu.

---

Kibiriti

Hapo kwa marafiki watatu nimeshawishika nusu. Nusu nyingine bado iko kwenye sanduku langu la bunduki za rangi ya machungwa.